Gunia la Mahindi Lina Chemshabongo Yake

Mkulima wa Moi's Bridge amevuna mahindi ambayo robo ya uzani wake ni maji, yaani unyevu wa asilimia 25. Ili yahifadhiwe ghalani bila kuoza, unyevu huo unapaswa kushuka hadi asilimia 13.5. Anapeleka gunia la kilo 90 likakaushwe kwa mashine. Litakaporudi, litakuwa na kilo ngapi?

Wengi hutoa 13.5 katika 25, wakapata 11.5, kisha wakatafuta asilimia 11.5 ya kilo 90. Jibu lao ni kwamba zitapungua kilo 10 na kitu, zibaki karibu 80. Hesabu hiyo inapendeza, lakini ina kosa. Asilimia 25 ilikuwa sehemu ya gunia la kilo 90, ilhali asilimia 13.5 ni sehemu ya gunia jingine, lililokwisha kupungua. Huwezi kutoa moja katika nyingine.

Ufumbuzi unaanza pale unapoacha kuyafuata maji, ambayo yanabadilika, ukatafuta kisichobadilika. Punje zikiondolewa maji yote zina kilo 67.5, na joto la mashine haliwezi kuzipunguza hizo. Baada ya kukaushwa, kilo hizohizo 67.5 ndizo asilimia 86.5 ya gunia. Ukigawanya, gunia zima linatoka na kilo 78. Zimepotea kilo 12. Kwa gunia moja tofauti kati ya majibu hayo mawili ni kilo 1.6 tu. Kwa magunia 100 inafika kilo 160 hivi, karibu magunia mawili, na asiyejua hesabu hii ataamini ameibiwa na mtu ambaye hakugusa chochote. Anayeijua ana faida ya pili: akirudishiwa kilo 74 zenye unyevu uleule wa asilimia 13.5, anatambua kwamba kilo 4 haziwezi kusingiziwa maji, na ana haki ya kuuliza kama ni makapi, punje zilizomwagika au mkono wa mtu.

Katika Moi's Bridge, mji wa barabara ya Eldoret kwenda Kitale uliojulikana enzi za ukoloni kama Hoey's Bridge, swali hilo si la kupitisha wakati. Bodi ya Nafaka ina maghala yake hapa, na kuanzia Oktoba mahindi ndiyo mazungumzo ya kila mtu. Bei, mkopo wa mbolea na karo ya Januari vyote hutegemea nambari inayosomwa kwenye kipima unyevu. Asiye na kipima anaweza kutumia chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia vijiko vichache vya chumvi kavu, ongeza punje mpaka theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa dakika chache kisha uiache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 hivi na mahindi hayafai kutiwa ghalani. Isiponata, yamekaribia. Chumvi hufyonza maji kutoka kwenye ngozi ya punje, na chumvi iliyolowa hugandamana na kioo. Siri ya kipimo ni hiyo tu. Umuhimu wake ulionekana kwa uchungu mwaka 2004 huko Ukambani, ambako mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliota kuvu aina ya Aspergillus flavus inayotengeneza sumu ya aflatoksini. Watu 317 waliugua na 125 wakafariki.

Nimeanza na gunia kwa sababu chemshabongo za kila siku, zile za magazetini na za kwenye simu, huuzwa kwa ahadi kwamba zitanoa akili kwa jumla: ukijaza miraba ya nambari kila asubuhi, utafikiri vizuri zaidi kazini. Ahadi hiyo imepimwa. Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha jaribio la watu 11,430 waliofanya mazoezi ya akili kwenye kompyuta kwa majuma sita. Waliboreka katika mazoezi waliyoyafanya. Walipopewa kazi nyingine, hata zinazofanana na hizo, hakukuwa na ushahidi kwamba uhodari ule ulihamia huko. Mwaka 2016 kampuni ya Lumosity ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya tume ya biashara ya serikali kuishtaki kwa kuwadanganya wateja kuhusu manufaa ya michezo yake.

Kuna watakaosema basi chemshabongo hazina maana. Mimi naona matokeo hayo yanatuelekeza kwingine. Ikiwa uhodari hukaa pale ulipojengwa, basi kinachojalisha ni yaliyomo ndani ya fumbo. Anayejifunza fumbo la maji na punje amejifunza kitu cha kutumia mwezi ujao. Mwanafunzi wa Kitale au Bungoma anastahili mafumbo yaliyotoka katika udongo anaoukanyaga, na hayo hayajakosekana. Sayansi ya mahindi katika eneo hili imejaa mafumbo yaliyofumbuliwa kwa njia ileile ya kuondoa jibu moja baada ya jingine mpaka libaki lisiloondoka.

Mfano ulio bora ni striga, gugu ambalo Wajaluo huliita kayongo. Moi's Bridge kwenyewe haisumbui sana, lakini ukishuka kuelekea Bungoma na Busia utaiona ikichanua maua ya rangi ya waridi katikati ya mahindi yaliyodumaa. Mmea mmoja hutoa maelfu kwa maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, na mbegu hizo zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 bila kuota. Huota tu mzizi wa mahindi, mtama au mmea mwingine wa jamii hiyo unapokaribia. Mbegu hujuaje?

Kemikali inayoiamsha ilipatikana kwanza mwaka 1966 katika mizizi ya pamba, na jamaa zake leo huitwa strigolaktoni. Lakini fumbo lilizidi kukaza: kwa nini mmea uendelee kumwaga udongoni kemikali inayomwita adui wake? Jibu lilikuja mwaka 2005 kutoka kwa watafiti wa Japani. Ujumbe ule haukukusudiwa striga. Mmea unapokosa fosforasi huwaita kuvu wema wa udongoni, ambao hujiunga na mizizi na kuiletea madini hayo. Striga imejifunza kudukua wito huo. Ndiyo maana gugu hili hustawi katika shamba lililochoka: ardhi ikipungukiwa, mahindi hupaza sauti zaidi.

Fumbo la pili lilifumbuliwa hapa kwetu. Katika miaka ya 1990, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe pamoja na Rothamsted ya Uingereza, wakiongozwa na Zeyaur Khan na John Pickett, walikuwa wakitafuta namna ya kuzuia viwavi wanaotoboa mabua. Walipanda mmea wa kufukuza nondo kati ya mistari ya mahindi na nyasi za kuwavutia pembeni, mpango unaoitwa sukuma-vuta. Trans Nzoia ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo ya majaribio mashambani. Palipopandwa desmodiamu, jamii ya kunde yenye majani yanayonata, striga nayo ilipungua, jambo ambalo halikuwa limekusudiwa.

Maelezo yaliyokuwa karibu yalikuwa mawili: kivuli, au naitrojeni ambayo mimea ya kunde huiongeza udongoni. Vyote viwili vilipimwa, vikasaidia kiasi, lakini havikutosha. Ndipo maji yaliyopita katika vyungu vya desmodiamu yakaelekezwa kwenye vyungu vya mahindi vilivyotiwa mbegu za striga. Kivuli hakikuwapo, wala mizizi haikugusana. Kilichovuka ni maji na yaliyoyeyuka ndani yake. Striga ikapungua hata hivyo. Uchambuzi ulionyesha kwamba mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali za kuamsha mbegu ya striga pamoja na nyingine zinazodumaza kimzizi chake kabla hakijafika kwenye mahindi. Mbegu huamka, ikakosa pa kushika, ikafa. Hifadhi ya mbegu ardhini hupungua msimu baada ya msimu.

Upande wa wadudu bado una ubishi, na ndiko ningependa vijana wetu watazame. Viwavijeshi vamizi walipoingia Kenya mwaka 2017, utafiti uliochapishwa mwaka uliofuata ulikuta idadi yao imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 katika mashamba ya sukuma-vuta. Maelezo ya kawaida yalikuwa harufu: desmodiamu huwachukiza nondo wasitage. Miaka ya karibuni kundi moja la watafiti limepinga hilo, likisema harufu ni hafifu mno, na kwamba viwavi hunaswa na kujeruhiwa na vinywele vya majani. Kundi jingine limepima hewa katika mashamba ya wakulima hapa Kenya na kukuta harufu hizo zipo.

Kwa mkulima tofauti hiyo ni kubwa. Kama kazi hufanywa na harufu, mistari ya desmodiamu inaweza kuachana, kwa kuwa harufu husafiri na upepo. Kama hufanywa na vinywele, kiwavi lazima atambae juu ya jani lenyewe, na mapengo kati ya mistari ni mianya ya kupita. Vipande viwili vya shamba, kimoja chenye desmodiamu iliyosongamana na kingine chenye kiasi kilekile kilichotawanywa, vingeanza kutenganisha majibu hayo mawili, na kuhesabu viwavi kwenye majani ya mahindi ni kazi ambayo darasa la sekondari linaweza kuifanya kwa daftari na penseli.