Elimu Iliyo Wazi na Haki ya Mwenye Kuiandika
Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulieleza namna majarida ya kitaaluma yalivyoanza, na jinsi matbaa chache za Ulaya na Marekani zilivyokuja kuyamiliki, hata bei ya kuyasoma ikawashinda wakutubi wa vyuo vikuu vyenye mali, sembuse vyetu. Leo tunaendelea na jambo lenyewe lililotuingiza katika mazungumzo haya, nalo ni uchapishaji huria, yaani utaratibu wa kuyaacha matokeo ya utafiti yasomwe na kila mtu bila ya malipo. Nasi tutalitazama tukiwa Kombewa, kwa kuwa sijui mahali pengine katika ukingo huu wa Ziwa Viktoria ambapo neema ya jambo hili na dhuluma yake zinaonekana kwa karibu namna ile.

Kombewa iko Seme, magharibi ya mji wa Kisumu, kando ya barabara iendayo Bondo, na msafiri apitaye kwa haraka huiona kuwa ni soko kama masoko mengine, lenye hospitali, shule na ofisi za serikali. Lakini katika ilimu ya maradhi ya malaria jina lake limefika mbali sana kupita ukubwa wake. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, iliyoundwa mwaka 1979, ina kituo chake pale kwa ushirika na Taasisi ya Walter Reed ya jeshi la Marekani. Na tangu mwaka 2007 habari za watu wa eneo hilo, waliozaliwa na waliofariki, waliohama na waliohamia, zimekuwa zikiandikwa nyumba kwa nyumba, kazi ya subira ambayo bila yake hakuna chanjo wala dawa iwezayo kupimwa kwa insafu. Hapo Kombewa ndipo watoto 400, wa umri wa miezi 12 hadi 47, waliposhirikishwa katika majaribio ya chanjo ya malaria iliyoitwa FMP1; na hapo tena, kuanzia mwaka 2009, pakawa mojawapo ya vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyoijaribu chanjo ya RTS,S kwa watoto zaidi ya 15,000, chanjo ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza rasmi mwezi Oktoba 2021.

Napenda kusimama kidogo kwenye ile FMP1, ingawa ni chanjo ambayo watu wameisahau, maana haikufaulu: watoto walioipata miili yao ilijenga kinga nyingi damuni, na juu ya hayo malaria ikawapata kama ilivyowapata wenzao. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2009, jina la kwanza katika orodha ya waandishi likiwa la mtaalamu wa Kikenya, Bernhards Ogutu, katika jarida la PLoS ONE, ambalo lilikuwa limeanzishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2006 kwa sharti kwamba kila kilichomo kiwe wazi kwa watu wote siku ile ile kinapotoka. Hebu msomaji alipime jambo hilo. Utafiti usiofaulu aghalabu hufichwa, na ukifichwa, wengine hupoteza fedha na miaka wakilirudia kosa lile lile juu ya miili ya watoto wengine. Ilhali huu wa Kombewa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno, daktari wa Mwanza na mtafiti wa Kinshasa waliweza kuusoma bila ya kumlipa mtu. Hiyo ndiyo neema ya uchapishaji huria, na yeyote atakayeulaumu, nami nitaulaumu sasa hivi, hana budi kuikiri kwanza.

Wazo lenyewe lilitangazwa Budapest tarehe 14 Februari 2002, baada ya wanazuoni wachache kukutana huko mwezi Desemba uliotangulia, na shabaha yao ilikuwa njema: intaneti imeiondoa gharama ya karatasi na meli, basi pasiwe na sababu ya mwenye kutaka maarifa kuzuiwa mlangoni. Mwaka huo huo ulianza mpango wa HINARI, wa Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa, wa kuzipa taasisi za nchi maskini ruhusa ya kusoma majarida ya tiba bure au kwa malipo madogo, nao umewasaidia wengi. Lakini ruhusa ile ni hisani ya mwenye mali, na hisani huweza kurudishwa na aliyeitoa, kama ilivyoonekana mwanzoni mwa mwaka 2011 wachapishaji kadhaa walipoyaondoa majarida yao kwa wasomaji wa Bangladesh, wasiyarejeshe mpaka makelele yalipopigwa.

Amma gharama ya kuhariri na kuchapisha, hiyo haikutoweka kwa sababu tu msomaji amesamehewa. Ilihamishwa ikawekwa juu ya mabega ya mwandishi. Jarida la kawaida la kimataifa leo humtaka mwandishi ada ya dola elfu mbili au tatu kwa makala moja, na jarida la Nature, lilipotangaza bei yake mwishoni mwa mwaka 2020, lilitaja euro 9,500, fedha zipitazo shilingi milioni moja za Kenya. Mtafiti aliye chini ya mradi mkubwa wa wafadhili wa ng'ambo hulipiwa, wala ada hiyo haioni. Lakini mhadhiri wa Maseno au wa Bondo aliyechunguza, kwa mshahara wake, maji ya visima vya Seme au lishe ya watoto wa wavuvi, hana mlipaji. Naye ndiye ambaye maswali yake hutoka kwetu, wala hayakuandikwa kwanza katika ofisi ya mfadhili.

Tutaambiwa kwamba kuna msamaha wa ada, na ni kweli upo. Lakini msamaha ule aghalabu hutolewa kwa kufuata daraja la pato la nchi nzima. Mwezi Septemba 2014 Kenya ilipolihesabu upya pato lake, hesabu ikapanda kwa takriban robo, na nchi ikaingia katika daraja la kipato cha kati cha chini. Tanzania nayo ikahesabiwa humo mwaka 2020. Katika matbaa kadhaa anayetoka nchi za daraja hilo hapati msamaha kamili, hupunguziwa tu, na nusu ya dola elfu tatu bado ni mshahara wa miezi kwa watu wengi wa vyuo vyetu. Mhadhiri hakutajirika mwezi ule wa Septemba, wala maktaba yake haikuongezewa kitabu. Isitoshe, mwanazuoni mzima kulazimika kuandika barua ya kuomba asamehewe kabla ya kazi yake kusikilizwa ni jambo linaloshusha hadhi, nami siliiti uadilifu hata kama barua itajibiwa kwa wema.

Watu wa ziwani wanaijua kwa njia nyingine hali hii ya kilicho chetu kwenda kuthaminiwa ng'ambo: minofu ya sangara hupanda ndege kwenda Ulaya, na sisi sokoni tukauziwa mgongo wazi, yaani mifupa iliyobaki. Desturi hii katika ilimu ina umri mrefu. Uchunguzi wa kwanza mkubwa wa uvuvi wa Ziwa Viktoria, uliofanywa na Michael Graham katika miaka ya 1927 na 1928 na kueleza jinsi samaki waitwao ngege walivyokuwa wakipungua, ulichapwa London mwaka 1929, kwa lugha ambayo wavuvi wenyewe hawakuisoma. Matokeo ya kwanza ya majaribio yale ya RTS,S yalitoka mwaka 2011 katika jarida la Boston, na ya mwisho mwaka 2015 katika The Lancet la London. Sisemi yangechapishwa Kombewa. Kazi ya nchi saba inastahili jukwaa kubwa. Nasema kwamba katika muda wa miaka tisini hukumu ya lipi lina maana na lipi halina, juu ya maji yetu na damu yetu, imebaki kukatwa na wahariri waliokaa mbali, na uchapishaji huria kwa namna ulivyo leo umeifungua hazina bila ya kuigusa kamati ya hukumu.

Je, liko shauri jingine? Liko, na limejaribiwa kwa miaka mingi katika nchi ambazo si tajiri. Brazili ilianzisha SciELO mwaka 1998, na chuo kikuu kimoja cha Toluca, Mexico, kikaanzisha Redalyc mwaka 2003. Na katika mtindo huo majarida huwa mali ya vyuo na jumuiya za wanazuoni, gharama hubebwa na hazina ya umma, makala hutoka kwa Kihispania na Kireno, msomaji halipi na mwandishi halipi. Mtindo huu huitwa wa almasi. Wafuasi wake walikutana Toluca mwaka 2023, kisha Cape Town mwezi Desemba 2024, na kwa hivyo bara letu si mgeni tena katika shauri hili. Hata wafadhili wameanza kugeuka: Mfuko wa Gates, uliochangia gharama za majaribio ya RTS,S, ulitangaza mwezi Machi 2024 kwamba kuanzia 2025 hautalipa tena ada za uchapishaji, na badala yake utawataka watafiti waweke rasimu zao wazi kwa wote.

Wala hatuanzi bila ya kitu. Jarida la tiba la Afrika ya Mashariki lilianza Kenya mwaka 1923, zaidi ya miaka themanini kabla ya PLoS ONE kuzaliwa. Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lina asili yake katika Kamati ya Lugha ya mwaka 1930. Na tangu 1998 majarida ya Afrika yamekuwa na ghala lao la pamoja katika intaneti, AJOL, ambalo makao yake yako Afrika Kusini. Kinachoyadhoofisha ni kwamba wahariri wake hufanya kazi usiku baada ya kufundisha mchana, bila ya ujira wala msaidizi, matoleo yakachelewa, na yakichelewa yakaonekana hayana thamani. Kisha vyuo vyetu vyenyewe, katika kumpandisha mhadhiri cheo, vikamwuliza amechapisha wapi ng'ambo. Hapo ndipo penye kidonda. Jarida ambalo wenyewe tunalidharau katika kamati zetu hakuna mgeni atakayeliheshimu kwa niaba yetu.

Basi mabaraza ya vyuo vya Maseno na Bondo, na vya kwingineko, yana uwezo wa kufanya mambo mawili bila ya kungoja mkutano wa dunia: kuihesabu kazi ya kuhariri na kupitia makala za wenzao kuwa ni kazi rasmi yenye malipo na cheo, na kuzipima makala kwa kuzisoma, si kwa kuangalia mji zilikochapishwa. Serikali nayo, inayotoa fedha za utafiti, itenge fungu la majarida ya nyumbani. Nanyi watafiti mnaopita Seme na daftari zenu, kila makala mnayoichapisha popote pale, iandikieni muhtasari kwa Kiswahili na kwa Kijaluo, muupeleke kwenye baraza la chifu na kwenye zahanati, mkausome mbele ya wazazi ambao watoto wao walitolewa damu.