Ekyanzi na Icyansi: Makumbusho ya Biharwe na Ufundi wa Mikono Katika Makazi ya Wakimbizi ya Nakivale

1. Utangulizi

Makumbusho ya sanaa za mikono hujengwa juu ya dhana kwamba chombo kikiondolewa jikoni na kuwekwa mbele ya watazamaji, kitaendelea kueleza maisha ya waliokitumia. Makala haya yanaihoji dhana hiyo kwa kutazama sehemu mbili za kusini-magharibi mwa Uganda ambazo aghalabu hazitajwi pamoja. Ya kwanza ni Makumbusho ya Eriijukiro, yaliyomo katika Kituo cha Utamaduni cha Igongo huko Biharwe, kando ya barabara kuu ya Mbarara kwenda Masaka. Ya pili ni makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, ambayo asili yake ni Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959. Leo yana wakazi zaidi ya laki moja waliotoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko.

Hoja yetu ni kwamba sehemu kubwa ya maarifa yanayotunzwa Biharwe kama kumbukumbu imo pia vichwani na mikononi mwa wakazi wa Nakivale, na kwamba watunga sera wa utamaduni na wale wa masuala ya wakimbizi hawajapata jukwaa la kulitazama jambo hilo kwa pamoja.

2. Chombo cha maziwa

Jina Eriijukiro lina mzizi wa kitenzi cha Kinyankore chenye maana ya kukumbuka. Kituo cha Igongo kilianzishwa kwa juhudi za mchapishaji James Tumusiime. Ni muhimu kukumbuka kwamba ufalme wa Nkore, uliopanuliwa na wakoloni kuwa Ankole, ulifutwa mwaka 1967 pamoja na falme nyingine za Uganda, na haukurejeshwa rasmi wakati Buganda iliporejeshewa Kabaka wake mwaka 1993. Kwa hiyo makumbusho haya yanabeba jukumu ambalo kwingineko hubebwa na ikulu.

Miongoni mwa vitu vinavyoeleza vizuri zaidi utamaduni wa eneo hili ni vyombo vya maziwa. Ekyanzi ni chombo cha mti kilichochongwa kutoka gogo moja, chenye kifuniko cha ususi chenye umbo la pia. Ekisabo ni kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa mpaka siagi itengane na mtindi. (Siagi hiyo ndiyo huzaa eshabwe, kitoweo cheupe ambacho mgeni wa Mbarara hastahili kuondoka bila kukionja.) Nyumbani vyombo hivi vilipangwa juu ya ulingo wa udongo, mahali pa heshima, na havikuguswa ovyo.

Ekyanzi, hata hivyo, hakielezi historia ya kundi moja. Kwa desturi wachongaji walikuwa Wairu, wakulima. Watumiaji wakuu walikuwa Wahima, wafugaji. Chombo kimoja kimebeba uhusiano mzima wa kubadilishana kazi, nafaka na maziwa, pamoja na tofauti za hadhi zilizoandamana nao. Maelezo ya makumbusho yanayoishia kwenye jina la chombo na matumizi yake huficha jambo hilo, ilhali mtafiti wa jamii angelitaka hilo kwanza.

Kisha kuna moshi. Chombo cha maziwa huoshwa, hukaushwa, halafu hufukizwa kwa moshi wa nyasi zilizochaguliwa. Moshi hupunguza vijidudu, huchelewesha kuchacha na huyapa maziwa harufu inayopendwa. Jina lenyewe la Mbarara limetokana na emburara, nyasi ndefu za malisho ya eneo hilo. Ufukizaji hauwezi kuwekwa kabatini. Nyasi zipi, zikaushwe kiasi gani, chombo kishikwe vipi juu ya moshi na kwa muda gani: haya hujulikana kwa kutenda tu, na mwalimu wake kwa kawaida alikuwa mama au bibi.

3. Maarifa yaliyovuka mpaka

Mnyarwanda anayeingia chumba chenye vyombo hivi hahitaji mkalimani. Ekyanzi cha Kinyankore ni icyansi cha Kinyarwanda. Ekisabo ni igisabo, neno linalofahamika pia kwa Warundi. Mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani ulipita katikati ya eneo moja la ufugaji lenye msamiati mmoja wa maziwa. Mapokeo ya Biharwe yenyewe yanathibitisha hilo. Mnara uliojengwa hapo unakumbusha kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520, tukio ambalo masimulizi yanalihusisha na jeshi la Bunyoro lililokuwa likirejea kutoka vita vya upande wa Rwanda, likatimua mbio na kuacha ng’ombe.

Msomali wa Nakivale anatoka mbali zaidi, lakini naye ana lake la kusema. Chombo chake cha maziwa, haan, husukwa na wanawake kwa nyuzi za mimea hadi kisivuje, kisha hufukizwa kwa moshi kabla ya kutiwa maziwa. Wakalenjin wa Kenya hutumia makaa ya mti maalumu kutayarisha kibuyu cha mursik. Tunaona hapa teknolojia moja ya kuhifadhi maziwa pasipo jokofu, iliyoenea kwa wasemaji wa lugha za Kibantu, Kikushi na Kinailoti. Hata watu wa pwani, ambao chetezo chao ni cha udi na nguo, wataitambua mantiki yake.

Mkimbizi mara nyingi hufika bila chombo. Ekyanzi ni kizito, haan huachwa njiani, kibuyu huvunjika. Kinachofika ni ujuzi, na ujuzi usiopata mti, nyasi wala ng’ombe hufifia kizazi kimoja tu. Waliofika watu wazima miaka ya 1960 ni wachache mno leo. Isitoshe, mitungi ya plastiki imeenea, na biashara ya maziwa ya Mbarara inadai vyombo vya alumini na chuma, kwa sababu za afya ambazo hatuna haja ya kuzibishia.

4. Sheria inasemaje

Uganda iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa UNESCO wa 2003 wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika. Mkataba huo unaitaka kila nchi kutayarisha orodha za urithi uliomo ndani ya ardhi yake. Kigezo ni ardhi. Uraia wa wenye urithi hautajwi kama sharti. Kwa tafsiri yetu, ususi wa haan unaofanyika Nakivale unastahili kuorodheshwa sawa na utengenezaji wa nguo za magome ya mti wa Buganda. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 nayo inampa mkimbizi fursa ya kufanya kazi na kutembea nchini, hivyo fundi wa Nakivale anaweza kufundisha Biharwe.

Mfano wa kulinganisha unatoka China. Tangu mwaka 2007 serikali ya nchi hiyo imekuwa ikiwateua mafundi kuwa warithi rasmi wa sanaa za taifa, na sheria ya 2011 imewapa wajibu wa kufundisha vijana. Huko Hangzhou, katika makumbusho ya sanaa za mikono yaliyowekwa kwenye majengo ya zamani ya viwanda karibu na Mfereji Mkuu, mgeni huwakuta mafundi wakifanya kazi. Tunachofaa kuazima ni fundi kuwa sehemu ya makumbusho. Orodha ya kitaifa inayotoa vyeo tungeiazima kwa tahadhari, kwani katika wilaya yenye migogoro ya ardhi baina ya wenyeji na wakimbizi, orodha huweza kugeuka hati ya umiliki.

5. Lugha ya maelezo

Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi Nakivale, hasa Wakongomani na Warundi, na kimekuwa miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2021. Hata hivyo, kukipa nafasi kusilete hasara ya kuyafuta majina ya asili. Tukiandika “kibuyu cha kusukia maziwa” peke yake, tumempa msomaji maana na kumnyima historia.

Tunapendekeza kazi ianze na chombo kimoja, ekisabo. Kadi yake ibebe jina la Kinyankore, la Kinyarwanda na la Kirundi, na maelezo ya Kiswahili. Mwanamke mmoja wa Biharwe na mmoja wa Nakivale walipwe kwa siku za kusuka maziwa mbele ya wanafunzi, kila mmoja kwa namna yake, na tofauti zao zirekodiwe kwa sauti na picha. Gharama kubwa itakuwa nauli: kutoka Nakivale hadi Mbarara ni safari ya nusu siku kwa asiye na gari, na fundi atakuwa ameacha shamba.