Mkate wa nyumbani: tuhesabu pamoja

Wandugu wafanyakazi, na ninyi wamama wa nyumba, leo siandike juu ya kontra wala juu ya primu. Leo ninaandika juu ya mkate. Lakini mukisoma mpaka mwisho mutaona kwamba ni habari ileile.

Kila mtu wa posti ya kwanza anajua ile saa: saa kumi ya alfajiri, giza bado, bisi ya kompanyi iko njiani, na mu nyumba hakuna kitu cha kutia mu kinywa. Chai iko, sukari kidogo iko, mkate hakuna. Unatoka vile. Watoto nao wanaamka saa kumi na mbili, wanakunywa chai tupu, wanaenda ku masomo. Mwalimu anasema hawafuate masomo. Watafuata namna gani na tumbo tupu?

Mimi nimezaliwa mu kampi ya wafanyakazi, pale Likasi. Wazee wetu walikuwa na mposho. Desturi ile ilitoka ku Union Minière, kompanyi iliyozaliwa mwaka 1906, na Gécamines ikaendelea nayo: unga wa mahindi kwanza, na vitu vingine vya kupikia. Mkate wa ngano ulikuwa kitu cha asubuhi ya siku ya mungu. Kisha nyakati zikageuka. Mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10.000 wa Gécamines waliacha kazi kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Tangu miaka ile ya shida, wamama wengi wa Likasi, Kolwezi, Kipushi na Lubumbashi njo walibeba nyumba: huyu kwa shamba, huyu kwa makala, huyu kwa vitumbula na mikate pa kando ya barabara. Wengi kati yetu tulisoma kwa feza ya vitumbula. Tusisahau.

Miye nilikuwa nimesahau. Niliikumbuka tena siku nilipofungiwa kazi.

Ilikuwa hivi. Pahali nilipokuwa nikifanya kazi, watu wa posti ya usiku hawakupewa kitu cha kula. Masaa mengi mu vumbi na baridi, na maji tu. Sisi wadelege tukapeleka barua. Hawakujibu. Tukapeleka ya pili. Ku barua ya tatu tukaambiwa tubaki nyumbani, wote wane, bila mshahara, mpaka watuite. Miezi miwili ilipita.

Ku mwisho wa juma la tatu, mama ya watoto alihesabu feza iliyobaki, akaona mkate wa duka hatutauweza tena. Tuko watu wanane mu nyumba. Alienda ku soko, akarudi na kilo tano za unga wa ngano, pakiti ndogo za levire, mafuta na sukari. Nikamwambia mkate unafanyiwa ku bulanjeri, haufanyiwe pa mbabula. Akanijibu:

– Papa, weye unajuaka kuhesabia bantu mishahara yabo. Ikala hapa, hesabia na miye hii mukate.

Nikakaa. Na hesabu yenyewe ni hii, mama yoyote anaweza kuifuata.

Unga wa ngano kilo moja. Levire kavu pakiti moja ndogo, ile ya gramu 11. Sukari vijiko vitatu vikubwa, chumvi vijiko vitatu vidogo, mafuta vijiko vitatu vikubwa. Maji ya uvuguvugu, zaidi kidogo ya nusu litri, karibu desilitri sita. Maji yakiwa ya moto sana yanaua levire, na mkate hautavimba hata ungoje mpaka kesho. Pima kwa kiwiko cha mkono, kama vile unapima maji ya kuogesha mtoto.

Changanya unga, sukari na levire mu beseni. Chumvi tia nyuma, pamoja na mafuta. Mwaga maji pole pole, si yote mara moja, kwa maana unga mwingine unakunywa maji mengi na mwingine kidogo. Kisha kanda. Hapa njo wengi wanakosa: wanakanda dakika tatu, wanachoka. Kanda dakika kumi mpaka kumi na tano, kwa nguvu ya mikono yote miwili, mpaka donge liache kushika ku vidole na liwe laini kama sikio la mtoto. Wababa, mikono yenu inayoshika nyundo na paipu siku nzima inafaa sana kwa kazi hii. Musione haya.

Funika beseni na kitambaa, acha donge livimbe mpaka liwe mara mbili. Mu mwezi wa kumi na moja, wakati joto iko, saa moja inatosha. Mu mwezi wa sita na wa saba, ile baridi yetu ya Katanga, ngoja saa mbili, na ufunike beseni na blanketi. Kisha kata vipande vya gramu 50, karibu ukubwa wa yai. Ku kilo moja ya unga utapata vipande zaidi ya thelathini. Viviringe, vipange mu sufuria iliyopakwa mafuta, acha nafasi kidogo kati yao, uviache tena nusu saa vivimbe.

Nani ana furu ya umeme, vizuri, kama umeme haukatike katikati. Nani hana, afanye kama sisi. Twaa sufuria kubwa ya chuma nzito, tia mchanga safi na mkavu, vidole viwili vya kimo, uiweke pa mbabula dakika kumi na tano na kifuniko chake ipate moto. Tia sufuria ndogo yenye mikate ndani, juu ya mchanga. Funika na bati, na juu ya bati panga makala yenye moto. Makala ya juu yawe mengi kuliko ya chini, bila hivyo mikate inaungua chini na juu inabaki mieupe. Ngoja dakika ishirini na tano. Toa mmoja, ugonge chini yake na kidole: ukilia kama ngoma tupu, umeiva.

Ile siku ya kwanza iliungua chini. Watoto walikula vilevile, walikwangua tu ule weusi. Siku ya tatu ilikuwa mizuri, na harufu iliita watoto wa jirani.

Sasa jambo moja ambalo ninasema kama delege wa usalama, si kama mpishi. Mbabula isiingie mu nyumba iliyofungwa. Wale wa chini ya ardhi wanajua: baruti ikisha kupasuka, hakuna anayeingia mu galeri mbele ya hewa kusafishwa, kwa sababu kuko gazi isiyo na harufu inayoua mtu akiwa anasinzia. Gazi ya makala ni ileile. Mu baridi ya mwezi wa sita tunafunga mlango na dirisha, tunaacha mbabula ndani ili nyumba ipate joto, na asubuhi jirani anabisha bila jibu. Pika inje, ao mlango na dirisha viwe wazi. Kichwa kikianza kuuma na macho kuzunguka, toka mara moja na utoe watoto.

La pili: usikande unga na nguo za kazi. Mwaka 2020, watafiti wa Universite ya Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walitoa utafiti uliofanyiwa Lubumbashi: hatari ya mtoto kuzaliwa na kilema ilionekana kubwa zaidi kama baba anafanya kazi inayohusu migodi. Basi kadiri iwezekanavyo vumbi la kazi libaki ku kazi. Vua, oga, nawa mpaka ku kiwiko, kisha shika unga.

Turudi ku hesabu. Mama ya watoto alikuwa na daftari ya masomo iliyobaki na kurasa nyeupe. Kila siku aliandika: unga, levire, sukari, chumvi, mafuta, makala. Mimi nikasaidia kugawa, kitu gani kinaingia kiasi gani mu mkate mmoja. Tukapima na mizani ya jirani anayeuzisha samaki. Mikate yetu ya asubuhi moja, kwa watu wanane, ilitoka kwa feza ndogo kuliko mikate ya duka ya uzito ule. Na mkate wa duka tulipoupima tukaona kitu: bei ilikuwa ileile ya miezi iliyopita, lakini mkate wenyewe ulikuwa umekonda. Watu wanasema bei haijapanda. Imepanda, tena imejificha mu mizani.

Haishangaze. Ngano ya inchi yetu haitoshi hata kidogo, tunaila ya wengine, na mizigo mingi ya Katanga inapitia Kasumbalesa. Mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipoanza, bei ya ngano ilipanda mu dunia yote, kwa sababu Urusi na Ukraine ni kati ya wauzaji wakubwa. Mtu anapiga bombi mbali kule, na mkate unakonda Kolwezi. Kwa hiyo wamama wengine wanachanganya: ku vikombe kumi, tisa vya ngano na kimoja cha unga wa mihogo uliosagwa laini. Tumejaribu, inakubali. Ukitia mihogo mingi zaidi, mkate unakuwa mzito na unavunjika.

Nilifurahi na hesabu yangu. Nikamwambia mama: unaona, tumeshinda, mkate wetu ni bei chini. Yeye akaangalia ukurasa, akasema:

– Kuko kitu ujaandika.

Nikatafuta. Maji? Chumvi? Akatia kidole chini ya mstari wa makala:

– Masaa yangu. Ninaamuka saa tisa. Niandike feza ngapi? Na nani atalipa?

Wandugu, miaka kumi na miwili ninahesabia watu masaa. Ninajua kupigania dakika ishirini za bisi, ninajua masaa ya siku ya mungu yanalipwa namna gani. Lakini mu nyumba yangu kulikuwa na mtu wa posti ya usiku, na sikuwa nimeandika saa yake hata moja. Sikuwa na jibu. Nilichofanya ni hiki: kesho yake niliamka naye saa tisa, nikakanda.

Tulipoitwa tena mbele ya wakubwa wa kazi, nilibeba ile daftari. Sikubeba maneno makubwa. Nilifungua ukurasa, nikaonyesha mfanyakazi mmoja anakula nini asubuhi, watoto wake wanakula nini, na mshahara wake unafika siku gani ya mwezi. Mmoja wao akasoma, akacheka kidogo, akasema: «Basi hamuna shida, wabibi wenu wanajua kupika mkate.»

Ile neno njo imenifanya niandike leo. Tuichunge sana. Mkate wa nyumbani ni mzuri, una afya, watoto wanashiba, na nani anaweza aufanye. Lakini si jibu kwa mshahara mdogo. Kama mama anaamka saa tisa ili kompanyi isilipe chakula cha posti ya usiku, ni yeye njo analipia kompanyi. Nilimwambia hivyo. Nilimwonyesha pale chini ya makala, mstari tuliouacha mweupe, nikamwuliza yeye angeandika feza ngapi. Hakucheka tena.

Sitawadanganya kwamba tulishinda yote. Tulirudishwa ku kazi wote wane. Ile miezi miwili hawakutulipa mpaka leo. Posti ya usiku inapata chai na mkate mmoja katikati ya usiku. Ni kidogo, lakini mbele hakukuwa kitu. Ku orodha ya madai ya mwaka huu, chakula kiko pa namba mbili, na tumeandika uzito wa mkate kwa gramu, ili usikonde nao.

Mu nyumba tumegawa kazi. Mimi nikiwa posti ya kwanza, donge linakandwa jioni, mimi na mtoto mkubwa, na levire kidogo tu, linavimba pole pole usiku mzima ku baridi. Mama anaamka saa kumi na moja, si saa tisa tena, anaviringa na kupika. Siku ya mungu yeye analala na sisi wanaume tunafanya yote. Ya kwanza iliungua, na hakusema kitu, alikwangua tu.

Ombi langu kwenu ni dogo. Juma hili jaribuni kilo moja. Na mukipika, shikeni daftari, muandike kila kitu: unga, levire, sukari, chumvi, mafuta, makala, na masaa ya yule aliyeamka. Kisha leteni kurasa zile ku mkutano wa wafanyakazi. Wadelege wenu wanazihitaji kuliko munavyofikiri.