Mama na Simba wa Kigamboni

Mama yangu amevuka miaka sabini, mzaliwa wa Mandawa wilayani Ruangwa. Amekaa jirani na simba umri wake wote bila kumwona hata mmoja. Sauti yake anaijua. Nyayo zake amezikuta kwenye mchanga wa njia ya kisimani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alihudhuria mazishi ya jirani aliyekamatwa kwenye dungu akilinda mahindi. Sura ya mnyama mwenyewe hakuijua mpaka Desemba iliyopita, tulipompeleka Kigamboni.

Safari hiyo niliwaahidi wapwa wangu wawili, na kwetu Wamwera ahadi ya mjomba ni deni zito. Nikasubiri mnada wa korosho. Malipo kutoka RUNALI, chama kikuu chetu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, yalipoingia benki, nikakata tiketi. Nilipanda basi Nachingwea alfajiri, na Ruangwa nikawakuta stendi dada yangu, watoto, na mama na kapu lake la maembe na mihogo ya kuchemsha. Kwenye Daraja la Mkapa watoto walibandika nyuso dirishani wakitafuta viboko ndani ya Rufiji. Usiku tulilala Mbagala kwa baba mdogo, maana sisi watu wa Kusini tukifika Dar es Salaam hatukosi ndugu Mbagala.

Asubuhi tulipanda daladala kupitia Kongowe hadi Kibada, kisha bajaji mbili mpaka kwenye bustani ya wanyama. Watoto walianza na bembea, wakaja kwa ngamia. Ngamia anaponyanyuka hutanguliza miguu ya nyuma, kwa hiyo aliyempanda hujikuta ameinamia mbele ghafla. Mpwa wangu mkubwa alipiga ukelele, "Mjomba, naanguka!" Baada ya hapo hakutaka kushuka.

Mama hakuwa na haja na ngamia. Alitaka kuonyeshwa simba.

Alisimama mbele ya waya muda mrefu, khanga ameikaza kifuani. Simba dume alikuwa amelala kivulini, kichwa juu ya miguu ya mbele. Kwa siku moja simba anaweza kupumzika hata saa ishirini, na mchana ndio wakati wake wa kulala. Mama akamgeukia kijana mtunza wanyama.

"Baba, huyu anakula nini?"

"Nyama, bibi."

"Mahindi hali?"

"Hali, bibi. Simba ni wa nyama tu."

"Basi shambani kwetu alifuata nini?"

Kijana akanyamaza. Swali hilo lilistahili jibu, na jibu lipo. Mwaka 2005 watafiti Craig Packer wa Marekani, Dennis Ikanda wa Tanzania na wenzao walichapisha hesabu ya kutisha: tangu 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya Watanzania 563 na kujeruhi wasiopungua 308. Lindi na Rufiji zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi, na mashambulizi yaliongezeka wakati wa mavuno. Penye wanyama wachache wa porini, simba hutegemea nguruwe pori. Nguruwe pori huingia mashambani usiku. Mkulima naye, ili asipoteze chakula cha mwaka mzima, hulala kwenye dungu kumfukuza nguruwe.

Nilimweleza mama hivyo tukiwa tumekaa chini ya mti. Alifikiri kidogo, akasema, "Kumbe alikuja kwa nguruwe, akatukuta sisi."

Nikamwongezea la mwezi. Utafiti wa baadaye, uliochapishwa 2011, ulipitia mashambulizi yaliyotokea Tanzania kwa zaidi ya miaka ishirini. Ulionyesha kuwa hatari huwa kubwa katika siku zinazofuata mwezi mpevu, saa za mwanzo za usiku, wakati mwezi haujachomoza. Simba aliyekosa mawindo kwenye mwanga hutoka gizani akiwa na njaa. Mama akaitikia kwa kichwa. Bibi yake alikuwa akiwahimiza kufunga mlango mapema siku hizo hizo, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba wasomi wamekuja kuona lile lile.

Najua wapo wanaohuzunika kumwona simba nyuma ya waya. Nami nilihuzunika. Mnyama huyo sauti yake porini husikika kilomita kadhaa. Lakini mtoto wa Ruangwa anayemjua simba kwa habari za msiba tu, au tembo kwa shamba lililokanyagwa na fomu ya kifuta jasho, atakua akiamini kwamba porini kuna maadui watupu. Sisi majirani wa wanyama hao ndio tunaopaswa kuwajua kuliko watalii.

Bustani ya kwanza ya wanyama nchini ilianzishwa 1964 kisiwani Saanane, Mwanza, ambacho tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Huko ni mbali mno na kwetu. Karibu yetu ipo Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotangazwa 2019, inayofika hadi wilayani Liwale. Upo pia msitu wa Rondo, makazi ya komba mdogo mwenye uzito wa takribani gramu 60, anayebebwa kwenye kiganja. Anapatikana Tanzania tu, katika misitu michache, na amebeba jina la Rondo yetu. Wapwa wangu hawakuwahi kumsikia.

Ninaziomba halmashauri za Nachingwea na Ruangwa zitenge basi moja kila likizo, watoto wa shule za msingi wakawaone wanyama hawa mchana, wakiwa na mtu wa kuwafafanulia. Nawe mzazi, malipo ya korosho ya msimu ujao yakiingia, weka kando nauli ya watoto, na bibi yao usimwache nyumbani. Huenda ana swali aliloliweka miaka ishirini.