Je, Wajua? Malaika Moroni na Visiwa vya Komoro

Je, wajua kwamba malaika wa Wamormoni ana jina moja na mji mkuu wa Komoro? Ukikutana mtaani Rohero, Bujumbura, na vijana wawili wenye mashati meupe na beji nyeusi kifuani, huenda ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, yaani Wamormoni, lililofika mjini humo mwaka 1992.

Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa hilo, alisema malaika Moroni alimwonyesha mabamba ya dhahabu kilimani, karibu na Palmyra, New York. Humo ndimo alimodai kukitoa Kitabu cha Mormoni, kilichochapishwa 1830. Kilima kinaitwa Cumorah; chapa ya kwanza ya kitabu hicho iliandika Camorah. Wakosoaji wakadakia: majina hayo Smith kayaokota kwenye ramani za Komoro, Bahari ya Hindi! Meli za Wamarekani za kuwinda nyangumi zilipita maji hayo, kweli, ila hakuna hati inayoonyesha Smith aliziona ramani hizo, na Moroni ya kisiwa cha Ngazija, Komoro, enzi hizo haikuwa mji wa kutajwatajwa.

Kwangu mimi hoja hiyo ni dhaifu. Hoja nzito dhidi ya kitabu ni ya farasi. Kitabu kinawataja katika Amerika ya kale, ilhali wanaakiolojia wanasema walikwishatoweka huko maelfu ya miaka kabla, wakarudishwa na Wahispania. Uchunguzi wa DNA nao unawaunganisha wenyeji wa Amerika na Asia, si Yerusalemu, ambako kitabu kinasema mababu zao walitoka. Kanisa limelegeza utangulizi wa kitabu: Walamani, watu wa kitabu hicho waliotajwa kuwa mababu wakuu wa wenyeji hao, sasa ni miongoni mwa mababu tu.