Lori kuukuu likianza kulia: Sikiliza kwanza, fungua injini baadaye

MMILIKI wa lori lililokwisha kutembea zaidi ya kilomita nusu milioni huishi na hofu moja: dereva awashe injini alfajiri, kisha usikike mlio mdogo ambao jana haukuwapo. Tik, tik, tik, mithili ya saa ya ukutani.

Katika mitaa kama Mishomoroni, eneo la Kisauni, mlio huo si jambo la mzaha. Lori moja linalobeba mchanga au matofali huwa tegemeo la mwenye gari, dereva, utingo na familia zao. Likilala siku moja, wote hurudi nyumbani mikono mitupu. Likizima juu ya Daraja la Nyali, hata wasiolijua hutaabika kwa msongamano.

Tatizo ni kwamba mlio mmoja huweza kuzaliwa na sababu nyingi. Zipo zinazotibika kwa spana na muda mfupi wa kazi, na zipo zinazoashiria kwamba injini inakaribia kuvunjika. Asiyeweza kuzitofautisha hupata hasara, ama kwa kuifungua injini nzima pasipo sababu, ama kwa kuendelea na safari hadi konrodi ikatoboa bloku.

Hatua ya kwanza haihitaji fundi. Injini ikiwa imezimwa, tena gari likiwa mahali tambarare, chomoa kijiti cha kupimia oili. Roka, yaani vyuma vinavyosukuma valvu, hukaa juu kabisa ya injini, na oili huchelewa kufika huko. Ikipungua, au ikiwa nyepesi kuliko iliyopendekezwa na mtengenezaji, roka ndizo hulalamika mapema. Oili ghushi huleta matokeo yayo hayo ingawa kijiti huonyesha imejaa.

Oili ikiwa sawa, kinachofuata ni kusikiliza mwendo wa mlio. Injini ya dizeli ya malori haya hufanya kazi kwa mapigo manne, na kwa sababu hiyo kamshafti inayofungua valvu huzunguka nusu ya kasi ya krankishafti. Injini ikinguruma polepole kwa mizunguko 600 kwa dakika, krankishafti huzunguka mara 10 kwa sekunde, na kamshafti mara 5. Mlio wa valvu moja basi huja mara tano kwa sekunde. Sikio la kawaida haliwezi kuhesabu mapigo 10, lakini hutambua upesi kama mlio ni wa taratibu au wa haraka.

Joto nalo hutoa ushahidi. Mlio unaosikika asubuhi injini ikiwa baridi kisha ukafifia baada ya dakika chache, mara nyingi hutokana na moshi unaopenya penye gasketi ya manifoldi. Chuma kikipata joto hutanuka na kuziba mwanya. Hapa pwani, ambako hewa ya chumvi hula skrubu na nati, kisa hiki kisipuuzwe. Alama yake ni masizi meusi yaliyochora mstari penye maungio. Pistoni iliyolegea ndani ya silinda nayo hupunguza makelele injini inapopata joto.

Kinyume chake ni mlio unaozidi kadiri oili inavyopata moto na kuwa nyepesi, na unaonguruma zaidi lori likipanda mlima na mzigo. Huo si tik-tik tena, bali ni kishindo kizito kutoka chini, ngo, ngo, ngo. Hizo ni dalili za beringi za konrodi au za krankishafti. Geji ya oili ikishuka wakati huohuo, dereva azime injini papo hapo na lori livutwe. Beringi zikibadilishwa mapema, krankishafti huweza kuokolewa. Zikiachwa, chuma husaga chuma na gharama hupanda maradufu.

Ili kujua mlio unatoka wapi, mafundi wengi hutumia bisibisi ndefu: ncha huwekwa kwenye chuma cha injini, na mpini karibu na sikio. Huanzia kwenye kifuniko cha roka, kisha noseli, pampu ya dizeli, kompresa ya breki, hadi sampu. Mahali mlio unapokuwa mkali zaidi ndipo pa kushukiwa. Mwenye kufanya hivyo ajihadhari na feni na mikanda, wala asivae shati lenye mikono inayoning'inia.

Vifaa vya pembeni navyo visisahauliwe. Altaneta iliyochakaa huweza kumdanganya hata fundi mzoefu. Mkanda ukiondolewa na injini ikawashwa kwa muda mfupi tu, mlio ukitoweka, basi injini yenyewe haina hatia. Isiachwe ikinguruma sana, kwani mara nyingi mkanda huohuo huendesha pampu ya maji.

Jaribio jingine ni kunyima silinda mafuta moja baada ya nyingine. Katika injini za zamani zenye pampu ya kawaida, nati ya mfereji wa noseli hulegezwa kidogo huku injini ikinguruma. Mlio ukitoweka au ukififia, kasoro imo katika silinda hiyo, ama kwenye noseli, ama kwenye pistoni na beringi yake. Usipobadilika hata kidogo, macho yaelekezwe kwenye valvu.

Hapa pana hatari ya kweli. Injini mpya zinazoongozwa na kompyuta huhifadhi dizeli kwenye mfereji wa pamoja kwa shinikizo linaloweza kupita baa 1,000. Nati zake zisilegezwe kamwe injini ikiwa inafanya kazi. Dizeli ikirushwa kwa nguvu hiyo hupenya ngozi kama sindano, na hata jeraha likionekana dogo, aliyeumia apelekwe hospitalini mara moja. Injini hizo hupimwa kwa mashine ya uchunguzi.

Mara nyingi, baada ya msako huu, mshukiwa huwa ni valvu. Kati ya roka na valvu huachwa nafasi ndogo, katika injini nyingi za malori takriban milimita 0.4 injini ikiwa baridi, ili chuma kipate pa kutanukia. Vyuma vikilika, nafasi hukua na roka huanza kupiga. Dawa yake ni kuseti tapeti kwa fila geji, kwa kufuata kipimo cha kitabu cha injini husika.

Lakini kuna mtego. Wapo wanaokaza skrubu hadi kelele iishe kabisa, wakadhani wameponya. Valvu iliyokazwa kupita kiasi haifungi sawasawa. Moto hupita pembeni na kuiunguza. Ile inayolia ina nafuu kuliko ile iliyonyamazishwa kwa nguvu.

Na iwapo tapeti zimesetiwa vyema lakini mlio ukarudi baada ya siku chache, roka yenyewe ikaguliwe. Ikishafanya kishimo, bati la fila geji hupita juu yake bila kugusa kina, na kipimo huonekana sahihi ilhali nafasi halisi ni kubwa. Huenda pia kamshafti imelika au nati imelegea.

Kabla ya kukubali injini ifunguliwe, mwenye lori aombe filta ya oili ikatwe na karatasi yake itandazwe juani. Chembe zinazonaswa na sumaku ni za chuma au pua. Zenye rangi ya shaba au zinazometameta bila kunaswa na sumaku huashiria beringi. Hakuna ushahidi wa bei nafuu kuliko huo, na hauwezi kupingwa na mtu anayetafuta tu kazi kubwa ya kulipwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa lori kuukuu, ufa huanza na sauti ndogo. Dereva aandike siku ulipoanza, kama injini ilikuwa baridi au moto, na kama lilikuwa na mzigo. Maelezo hayo matatu humfaa fundi kuliko kuambiwa tu kwamba gari linalia.