Picha za Habari Zisizosahaulika



Gazeti husomwa leo, na kesho hufungiwa chumvi sokoni. Habari zake nyingi hupita kama umande wa asubuhi. Lakini mara chache hutokea picha moja isiyopita. Mtu huiona mara moja tu, na baada ya miaka ishirini angali anaweza kuieleza kana kwamba ameiona jana. Kwa sababu gani? Picha hiyo ina nini ambacho maelfu ya nyingine hazina? Na zile zawadi kubwa wanazopewa wapiga picha wa magazeti kila mwaka zina maana gani kwetu sisi Wakristu? Hayo ndiyo tunayotaka kuyafikiri pamoja nanyi juma hili.

MIKONO MIWILI YA KARAMOJA

Tuanze na picha iliyopigwa katika nchi jirani. Mwezi wa Aprili 1980 Mwingereza mmoja, jina lake Mike Wells, alikuwa Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda. Watu wa huko ni wafugaji. Maisha yao ni ng'ombe na mtama. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979, bunduki nyingi zilitwaliwa katika kambi ya askari ya Moroto, na wizi wa ng'ombe, uliokuwa wa mikuki, ukawa wa risasi. Kisha mvua ikakosekana. Mifugo ikapotea, mashamba yakakauka, na njaa ikaua watu kwa maelfu, watoto wakiwa wa kwanza.

Wells hakupiga picha ya umati. Alipiga picha ya mikono miwili tu. Mmoja ni wa mtoto mweusi: umekonda hata umebaki ngozi na mifupa, na vidole vimekunjamana kama vya mzee wa miaka mingi. Umelala juu ya kiganja cha mkono mwingine, mweupe, wenye nyama na afya, mkono wa mmisionari. Uso hauonekani. Hatuoni kanisa, wala hema, wala gunia la unga. Hata hivyo anayeitazama huelewa yote: njaa ya mmoja, shibe ya mwingine, na kwamba mikono hiyo ni ya ndugu wawili, kwa maana imeumbwa na Mungu mmoja.

Picha hiyo ilichaguliwa kuwa picha ya habari ya mwaka 1980 iliyo bora katika dunia nzima. Lakini sikilizeni yaliyofuata. Wells hakufurahi, aliona haya. Gazeti alilolipa picha yake lilikuwa limekaa nayo miezi mitano bila kuichapa, kisha likaipeleka mashindanoni. Yeye mwenyewe hakuomba kushindana, naye alisema kwamba hapendi kushinda zawadi kwa picha ya watu wanaokufa kwa njaa.

Tuyaweke moyoni maneno hayo. Picha ile ilipigwa ili watu wapate kusaidiwa, si ili mtu asifiwe. Miezi mitano ni mingi mno kwa mtoto mwenye njaa.

ZAWADI ZENYEWE NI ZIPI?

Zinazojulikana zaidi ni mbili. Ya kwanza yaitwa Pulitzer, kwa jina la Joseph Pulitzer, mtu aliyezaliwa Hungaria, akahamia Marekani, akawa mwenye magazeti makubwa, akafa mwaka 1911. Zawadi hiyo ilianza kutolewa mwaka 1917 kwa waandishi, na tangu mwaka 1942 hutolewa kwa wapiga picha pia. Ya pili yaitwa World Press Photo. Ilianzishwa mwaka 1955 na wapiga picha wa Uholanzi, na makao yake ni mji wa Amsterdam. Hao ndio waliomchagua Wells. Picha zilizoshinda hupelekwa katika miji ya nchi mbalimbali, ili watu wazitazame.

Zawadi ni jambo jema likiwa kama taa inayowekwa juu ya kinara, ili kilichofichika kionekane. Huwa jambo baya taa ikisifiwa, na aliyelala gizani akisahauliwa.

MAMBO MATATU YANAYOIFANYA PICHA IKUMBUKWE

Jambo la kwanza: inaonyesha mtu, si hesabu. Tukisikia kwamba watu elfu kumi wana njaa, akili inashindwa kuwahesabu na moyo unachoka. Tukionyeshwa mmoja, moyo unaamka. Tarehe 1 Agosti 2005, Finbarr O'Reilly alipiga picha katika mji wa Tahoua, nchi ya Niger, mahali walipokuwa wakilishwa watoto waliodhoofika. Ndani yake twamwona mama, na vidole vidogo vya mtoto wake vikigusa midomo yake. Basi. Kila mzazi aliyewahi kumpakata mtoto mgonjwa anajua maana ya vidole vile. Picha hiyo nayo ilihesabiwa kuwa bora ya mwaka wake.

Jambo la pili: inashika dakika isiyorudi. Mfano tunao hapa kwetu Kongo. Tarehe 29 Juni 1960, siku moja kabla ya Uhuru, Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alikuwa akipita katika barabara kuu ya Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, akisimama katika gari lililo wazi. Ghafula mtu mmoja akatoka katika umati, akaunyakua upanga wa mfalme, akakimbia nao. Mara askari wakamkamata. Mjerumani Robert Lebeck alikuwa amesimama karibu, na kamera yake ilikuwa tayari. Kidole chake kingalichelewa kidogo tu, tungalibaki na masimulizi. Hakuna mtu aliyejua kwamba jambo lile litatokea. Lakini anayekesha ndiye anayeona.

Jambo la tatu: ni ya kweli, na maneno yaliyo chini yake ni ya kweli. Hapo yafaa kujihadhari sana. Tarehe 23 Februari 1945, katika kisiwa cha Iwo Jima cha Japani, Mmarekani Joe Rosenthal aliwapiga picha askari sita wakisimamisha bendera ya nchi yao juu ya mlima Suribachi. Mwaka ule ule alipewa zawadi ya Pulitzer. Watu wengine walisema kwamba aliwapanga askari wale kama wachezaji wa michezo ya kuigiza. Lakini filamu iliyopigwa mahali pale pale na askari mwingine yaonyesha kwamba hakuwapanga. Ila bendera ile ilikuwa ya pili siku ile. Ndogo zaidi ilitangulia asubuhi. Tena, wakubwa wa jeshi walikuwa wamekosea majina ya baadhi ya wale sita, hata ikawalazimu kuyasahihisha mwaka 2016, na mara nyingine mwaka 2019. Watatu kati yao walikuwa wamekufa katika vita vya kisiwa kile kile.

Twaona basi kwamba picha ikiwa ya kweli kabisa, bado yaweza kuelezwa vibaya. Jicho laona bendera. Jina la aliyeishika lazima litafutwe kwa uvumilivu na uaminifu. Picha bila maneno ya kweli ni kama shahidi ambaye hakuulizwa vizuri.

BABA ALIYEKAA BARAZANI

Kabla ya zawadi hizi zote, picha moja ilipigwa katika nchi yetu, nayo haikupata zawadi yoyote ya magazeti, kwa kuwa zilikuwa hazijaanza. Yafaa kila mwanafunzi wa Kongo aijue.

Ilikuwa tarehe 14 Mei 1904, huko Baringa, katika nchi ya Ekwateri. Wakati ule Kongo ilikuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili, na watu walilazimishwa kuleta mpira kutoka porini. Kijiji kisichotimiza kiasi kilichotakiwa kiliadhibiwa. Mtu mmoja jina lake Nsala alifika katika misioni ya Waprotestanti, akichukua kitu kilichofungwa kwa majani. Walinzi wa kampuni ya mpira walikuwa wamemwua mke wake na binti yake, mtoto wa miaka mitano hivi. Ndani ya majani mlikuwa na mkono na mguu wa mtoto huyo. Ndivyo vilivyobaki.

Alice Seeley Harris, mke wa mmisionari na mmisionari yeye mwenyewe, alimwomba akae barazani, akampiga picha. Nsala halii, wala hapigi kelele. Amekaa kimya, anavitazama vilivyowekwa mbele yake. Wanaume wawili wamesimama nyuma, nao kimya.

Picha hiyo, pamoja na nyingine za Bibi Harris, ilionyeshwa Uingereza na Marekani katika mikutano mingi, kwa taa ya kutupia picha ukutani. Haikufanya kazi peke yake. Mwaka ule ule wa 1904 ilitoka pia taarifa ya Roger Casement, konsuli wa Uingereza. Lakini waliosema kwamba habari za Kongo ni uongo, walipoiona walikosa jibu. Mwaka 1908 Leopold aliondolewa mamlaka, na Kongo ikawekwa chini ya serikali ya Ubelgiji. Mateso hayakwisha siku hiyo, lakini utawala ule wa mtu mmoja ulikwisha.

Bibi Harris hakuwa wa Kanisa letu. Tusione haya kumsifu. Kweli yatoka kwa Mungu, awaye yote anayeitumikia.

JE, MPIGA PICHA AFANYE NINI?

Tarehe 26 Machi 1993 gazeti la New York Times lilichapa picha iliyopigwa Sudani na Kevin Carter wa Afrika ya Kusini. Mtoto amejikunja chini kwa udhaifu wa njaa, na nyuma yake amesimama tai mla mizoga. Wasomaji wengi waliuliza swali moja: mtoto huyo alipatwa na nini? Gazeti likajibu kwamba tai alifukuzwa, na mtoto akapata nguvu ya kuendelea na safari, lakini haikujulikana kama alifika mahali pa chakula. Mwaka 1994 Carter alipata zawadi ya Pulitzer. Mwezi wa Julai mwaka huo alijitoa uhai, akiwa na miaka 33.

Tusimhukumu. Alikuwa ameona vifo vingi, na Mungu peke yake ajua mzigo wa moyo wa mtu. Tena picha yake iliwafumbua macho wengi waliokuwa hawajui lolote juu ya njaa ile. Lakini swali la wasomaji lilikuwa swali la haki, nalo halimhusu Carter tu. Anayeona taabu ana kazi mbili: kushuhudia na kusaidia. Mara nyingine mtu aweza kuzifanya zote mbili. Asipoweza, na uhai wa jirani ukiwa hatarini, kamera na ingoje.

NA SISI?

Zamani mambo haya yaliwahusu wapiga picha wachache. Leo hata kijana wa shule ana simu yenye kamera mfukoni. Gari likipinduka barabarani, mara nyingi simu kumi zimekwisha inuliwa kabla mkono mmoja haujanyoshwa. Kabla ya jioni, mama wa marehemu aona maiti ya mwanawe katika simu ya jirani. Je, huko ndiko kuleta habari?

Basi wazazi na walimu wawafundishe watoto mambo haya. Kwanza, saidia, picha baadaye. Pili, omba ruhusa kwa mtu, au kwa jamaa yake. Maskini naye ana heshima, na uchi wake si wa kuuzwa. Tatu, usitume picha usiyojua imetoka wapi wala ilipigwa lini. Wengi wamechochewa kupigana kwa picha ya zamani iliyopewa maneno mapya. Nne, ukiiona picha ya mwenye taabu, usiishie kusema "masikini!" na kugeuza ukurasa. Jiulize: katika parokia yangu, ni nani aliye na mkono kama ule?

Tukumbuke mfano wa Msamaria mwema. Kuhani alimwona yule aliyejeruhiwa. Mlawi alimwona. Msamaria naye alimwona. Wote watatu waliona jambo lile lile, katika njia ile ile. Tofauti yao haikuwa machoni.

Ndiyo maana twasema: picha bora ni ile inayomfanya mtazamaji asimame njiani na kushuka katika punda wake. Zawadi yake ya kweli haitolewi Amsterdam wala Marekani. Hutolewa mlangoni mwa jirani, kwa kibaba cha unga, kwa dawa, kwa neno la kweli lililosemwa mbele ya wakubwa. Na zawadi hiyo yaweza kushindwa na kila mmoja wetu, hata asiye na kamera.